Kaunta ya Mama Mwiko

Ukitaka kumkera Mama Mwiko, mwambie apumzike. Neno hilo alikuwa ameambiwa na daktari, na mumewe, na wanawe kwenye simu, na kuliko wote na wifi yake, mpaka likawa linamchoma masikioni. Tangu alipoteleza bafuni akavunjika nyonga, ikafungwa kwa vyuma, nyumba nzima ilikuwa na kazi moja tu, kumpumzisha. Aliwekewa kiti chake koridoni, chenye mto wa kukalia na mto wa mgongoni, na kutoka pale aliliona jiko lake vizuri kabisa, kila kona, asiweze kufanya lolote humo.

Jina la Mama Mwiko hakupewa na wazazi. Alipewa na wanafunzi wa hosteli ya chuo cha ualimu, ambako alikuwa mpishi mkuu hadi alipostaafu. Huko alipika akiwa wima, kwenye meza za zege zilizomfika kiunoni, na hakuna aliyeingia jikoni kwake bila kuitwa. Mkuu wa chuo mwenyewe akitaka chai alisubiri dirishani kama wenzake. Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Jiko lao halikuwahi kuwa na kaunta. Kila mwaka walisema watatengeneza, kila mwaka likazuka la kuzuka, naye akapika sakafuni juu ya kigoda, kwa kuwa mgongo ulikuwa mzima na magoti yalikuwa yakikunjika. Sasa nyonga imegoma. Daktari alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba kusimama anaruhusiwa, lakini kuinama na kuchuchumaa asahau.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Bila kaunta, Mama Mwiko hapiki. Na asipopika yeye, anapika wifi.

Wifi huyu alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mjane, na aliishi mlango wa pili. Baba mkwe, enzi za uhai wake, aliwajengea wanawe wawili nyumba mbili zinazoshiriki ukuta mmoja, na ili wasije wakagombana kwamba fulani kapendelewa, alizifanya sawa kwa kila kitu, ila moja ameigeuza. Kilicho kulia kwa huyu kiko kushoto kwa yule. Ukikohoa kwa Mama Mwiko, kwa wifi wanakuitikia pole.

Wala wifi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza kichwa Mama Mwiko kuliko yote. Angekuwa mbaya, angemtimua na mambo yangeisha. Lakini alimwogesha alipokuwa hajiwezi, akamfulia, akamlisha. Sasa utamfukuzaje mtu wa namna hiyo kwa sababu amehamisha chumvi? Maana alianza na chumvi. Akaipeleka rafu ya juu, eti isipate unyevu. Kisha masufuria yakapangwa upya, makubwa nyuma, madogo mbele. Kisha ule mwiko mzuri wa mti mgumu ukapelekwa nyumba ya pili "mara moja tu" na haukurudi. Alikata vitunguu vipande vya kushindwa kumezwa. Alipakua wali haujakauka maji. Na Mama Mwiko akifungua mdomo kutoka kwenye kiti chake, wifi anageuka na tabasamu la huruma.

"Pumzika, wifi yangu. Mimi nipo."

"Najua upo," anajibu Mama Mwiko, na anameza mengine yote.

Aliyebaki kumwokoa alikuwa mumewe, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Mumewe alikuwa fundi cherehani, tena si wa kubahatisha. Suti alizoshona zilikuwa zimeoza watu wakiwa bado wanazitaja. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na kwa kuitwa hivyo kwa muda mrefu, alikuwa amesahau kwamba kuna mafundi wa vitu vingine. Umeme ukiharibika anaujaribu yeye kwanza. Bomba likivuja analifunga yeye, kwa uzi. Mama Mwiko aliposema aitwe seremala, Fundi alimtazama kana kwamba ametukanwa.

"Seremala wa nini? Kazi yenyewe si kukata na kuunga? Mimi maisha yangu yote nimefanya nini?"

"Umekata vitambaa, baba."

"Kukata ni kukata."

Makabati ya chini yalinunuliwa tayari yameshatengenezwa, na hayo Fundi aliyapanga bila tatizo. Mbao za kaunta zilikuja mbili, ndefu na nzito, za maranda yaliyobanwa, juu zimefunikwa ngozi ngumu inayong'aa ya rangi ya kijivu, na ukingo wake wa mbele umeviringwa usimkwaruze mtu. Mmoja ungekaa chini ya dirisha, ukuta wote wa mbele. Wa pili ungekaa ukuta wa kulia. Zingekutana konani kwa mshazari, kila mmoja ukikatwa pembe yake, halafu zifungwe kwa bolti kutoka chini zishikane zisitengane tena. Mwenye duka alimweleza hayo yote kwa utulivu, na akamwonya jambo moja. Akitumia msumeno wa umeme, ubao aulaze kifudifudi, kwa sababu meno ya ule msumeno hukwangua upande yanakotokea, na ngozi ikibanduka ndiyo basi tena.

Fundi alirudi nyumbani uso umemchangamka. "Unasikia, mama? Unachorwa na kukatwa kwa upande wa ndani. Sawasawa na kitambaa."

Mbao zikalazwa sebuleni, na zikakaa. Zikakaa mpaka Mama Mwiko akajifunza kuzipita kwa kujibanza ukutani na mkongojo wake. Fundi hakutaka haraka. Alipima na futikamba, akapima tena, akaandika kwa penseli ukutani. Kisha, kwa kuwa hakuna koti lililokatwa bila kielelezo, alikaa chini akaunga magazeti kwa gundi akachora kaunta nzima ya karatasi, pande zote mbili na mshazari wake. Akaipeleka jikoni kuipimisha juu ya makabati. Ilikaa barabara, haikuzidi wala kupungua, na Fundi akasimama mbali kidogo akiitazama kwa jicho moja.

"Imekaa mabegani," alisema.

"Lini nitapika juu yake?" aliuliza Mama Mwiko.

"Usiniharakishe. Nikikosea hapa hakuna cha kufumua."

Siku zote hizo wifi alikuwa akipika sakafuni, akiruka magazeti, akisema jinsi kaka yake alivyo na subira tangu utotoni. Mama Mwiko alikuwa ameanza kuota ndoto za kukata vitunguu. Si kula, kukata tu, amesimama, na kisu chake mwenyewe.

Hatimaye ikafika siku ya kukata. Mbao zikatolewa uani, zikalazwa kifudifudi juu ya viti na meza ya kupigia pasi. Fundi alivaa futikamba shingoni kama siku za kazi. Akakitandika kile kielelezo cha magazeti mgongoni mwa ubao wa kwanza, maandishi yake yakimtazama, akakibana kwa vipande vya matofali kisirushwe na upepo, akatoa chaki bapa mfukoni, akachora. Akafanya vilevile kwa wa pili. Mistari yake ilikuwa myembamba na safi. Mama Mwiko aliitazama kazi hiyo akiwa kwenye kiti chake, kilichohamishiwa kizingitini, na akaona haya kwa jinsi alivyomsema moyoni. Mtu huyu anajua anachofanya, alijiambia. Acha nimpe nafasi.

Msumeno ulipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Vumbi likamjaa Fundi kwenye nyusi. Kisha akazizungusha mbao zile mbili papo hapo uani, bado kifudifudi, akazisogeza mshazari kwa mshazari, na zikakutana. Hata wembe usingepenya. Akatia bolti, akakaza, akapitisha kidole kwenye kiungo huku amefumba macho, kama afanyavyo akitafuta kasoro kwenye kola.

"Njoo uguse," alimwambia dada yake.

Wifi akagusa. "Mungu wangu, kaka. Mbona kama ubao umezaliwa hivyo?"

"Sijawahi kuunga kitu namna hii," alisema Fundi. "Na nimeunga vingi."

Bolti zikafunguliwa ili mbao zipite mlangoni. Vijana wawili waliokuwa wakipita njia wakaombwa mkono, na ubao mrefu ukaingizwa jikoni, ukageuzwa, uso juu, ukingo wa mviringo mbele. Ukalazwa juu ya makabati chini ya dirisha. Na pale mambo yakaharibika, kwa sababu ule mshazari mzuri ulikuwa umekaa kushoto, mlangoni, ambako hakuna kona wala chochote cha kuunga, na kule kulia, kwenye kona yenyewe, ulikuwa mkato mnyoofu umetulia tuli.

Fundi akasema ugeuzwe. Wakaugeuza, ukingo wa mviringo ukaenda ukutani. Akasema urudishwe. Wakaurudisha. Akasema uletwe ule mfupi kwanza. Mfupi nao ukaletwa, na mshazari wake ukaangukia mwisho usio wake. Wale vijana wakatazamana, wakakumbuka wana safari. Fundi akashika kielelezo chake cha magazeti, akakiweka juu ya makabati, kikakaa sawa kabisa. Akakitoa, akakiweka tena. Jasho lilikuwa linamchuruzika shingoni.

"Nimekata nilichochora," alisema. "Kama nilivyochora. Mbona..."

Aliyeona wa kwanza alikuwa Mama Mwiko, aliyekuwa amerudi kwenye kiti chake koridoni, na alitamani asingeona. "Ulichora mgongoni," alisema polepole.

"Si ndivyo inavyotakiwa?"

"Halafu umeugeuza uso juu. Ukigeuza kitu, kulia si kunakuwa kushoto?"

Fundi akakichukua kielelezo, akakigeuza upande wa pili. Kitambaa chote cha maisha yake alikichora mgongoni, lakini alikikata kikiwa kimekunjwa mara mbili. Ukikata mkono mmoja wa koti, wa pili unatoka nao hapohapo, wa kulia na wa kushoto, na kamwe huhitaji kujiuliza upi ni upi. Ubao haukunjwi. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyedhani kuna mtu wa kuambiwa jambo kama hilo. Alijiinamia juu ya kabati, na Mama Mwiko akashindwa kuamua amwonee huruma au ampige na mkongojo. Miezi ya kukaa koridoni. Magazeti. Imekaa mabegani. Hasira zilimpanda mpaka nyonga ikaanza kupwita.

Ndipo wifi aliposema kwa sauti nyororo, mkono umekaa shavuni, "Lakini kwangu, si itakaa?"

Akanyoosha kidole kwenye ule ukuta wa pamoja.

"Jiko langu si limegeuzwa? Kona yangu iko kushoto. Nasema tu. Itakaa vilevile ilivyo, bila kuharibu kitu."

Mama Mwiko alimtazama mumewe, na alichokiona kilimtisha kuliko ule mkato. Uso wa Fundi ulikuwa umeanza kunyooka. Alikuwa anakifikiria kile kiungo. Alikuwa anakiona kimekaa mahali pake, kimekazwa bolti, hakuna anayejua kwamba palikuwa na kosa, na watu wanaitwa kuja kukigusa.

"Si wazo baya," Fundi alisema, bila kumtazama mkewe. "Maana itakuwa dhambi kuipoteza. Halafu hii ya hapa tutanunua mbao nyingine, taratibu, nitakata upya. Dada anapika kwa ajili yetu sote, mama. Akipikia kule, amesimama, ataleta vyakula hapa kama kawaida. Wewe utazidi tu kupumzi..."

"Usilimalize hilo neno," alisema Mama Mwiko.

Alisimama. Kusimama kwake siku hizo kulikuwa kazi, kwanza mkongojo, kisha mkono ukutani, kisha nyonga, lakini alisimama bila kusaidiwa na akaingia jikoni. Wifi akasogea kando bila kujijua.

"Wifi," alisema, "umenitendea wema ambao dada yangu wa tumbo moja asingenitendea. Nitakushukuru mpaka nizikwe. Lakini nimechoka kupikiwa. Nimechoka mpaka nalia usiku na huyu hapa anakoroma. Nimechoka kuomba chumvi nyumbani kwangu. Mimi si mgonjwa wa kulishwa, mimi ni mpishi niliyevunjika nyonga. Kaunta hii haiendi popote."

"Sikuwa na maana hiyo, wifi," alisema wifi, na macho yakamlowa kweli.

"Najua hukuwa nayo. Ndiyo maana sikuwahi kusema."

Fundi alikuwa ameshika futikamba kwa mikono miwili. "Lakini mke wangu, haikai. Utapikaje juu ya kitu kisichokaa?"

"Huo mrefu umeshakaa," alisema Mama Mwiko. Na kweli, ulikuwa pale chini ya dirisha, umejaza ukuta wote kutoka mwisho hadi mwisho. "Mkato mnyoofu konani, unaziba. Huo mshazari umeangukia mlangoni, ambako chini hakuna kabati, pana mtungi wa gesi tu. Hebu ona." Akatoka na mkongojo wake, akaingia tena, na pale ambapo ukingo ungempiga nyongani palikuwa pamekatwa. Alipita bila kujibanza. "Huo mfupi nao, ikate hiyo pembe iliyochongoka, yote, ubaki mnyoofu. Usukume mpaka uguse huu."

Fundi akapima. Akapima tena kwa kutoamini. Ukiondoa ile pembe yote, kilichobaki kingejaa pale bila kuzidi wala kupungua. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Hazitakumbatiana," alisema. "Huu una ukingo wa mviringo. Ukiugusisha na mkato mnyoofu, patabaki mfereji. Maji yataingia, maranda yatavimba."

"Dukani kuna ukanda wa bati wa kufunika hapo. Niliuona siku ile tulipokwenda kuchagua makabati. Na silikoni pembeni."

"Ukanda wa bati." Alitamka kama mtu anayetema kitu. "Hicho ni kiraka, mama."

"Basi tia kiraka."

"Unataka nikikate. Kile kiungo. Nikikate kwa mkono wangu."

Mama Mwiko alikuwa amekaa na mtu huyu tangu ujana, na alijua anachomwomba. Watoto wake wawili walikuwa wameolewa katika magauni aliyofumua na kushona upya kwa sababu ya mshono mmoja ambao hakuna mgeni angeuona. Alijua pia kwamba akilegea sasa, atakufa kwenye kiti cha koridoni akilishwa vitunguu vinene.

"Nilikiona uani," alisema. "Ni kizuri. Sijaona kizuri kama hicho, na nimekuwa mkeo muda mrefu. Kikate."

Akakikata. Safari hii aliulaza ubao uso juu, Mama Mwiko akiwa amesimama karibu kuhakikisha, akabandika utepe wa karatasi wenye gundi juu ya mstari ili ngozi isibanduke, na hakutumia umeme. Alitumia msumeno wa mkono, taratibu, kwa mikato mirefu. Ile pembe ilipodondoka chini uani, wifi aliiokota akaipangusa vumbi, akauliza kama anaweza kuichukua akaegeshee pasi. Fundi akamwambia achukue.

Ubao mfupi uliingia. Ukanda wa bati ukanunuliwa, ukapigwa misumari ya skrubu juu ya maungio, silikoni ikamiminwa, na ikapakaa zaidi ya ilivyotakiwa kwa sababu Fundi, aliyekuwa akipima kila kitu mara mbili, sasa alikuwa anamimina bila kutazama. Palionekana vibaya. Hakuna wa kumdanganya mwenzake. Bati liling'aa kwa namna ya kumtia mtu kidole jichoni, na skrubu moja ilikuwa imekaa upande. Wifi alisema silikoni isiguswe mpaka ikauke. Mama Mwiko alisema haiko kote, na akapandisha jiko la gesi kule mwisho wa mlangoni, juu ya mtungi wake.

Akamwomba wifi mwiko wake. Wifi akaenda nyumba ya pili, akarudi nao, akaukabidhi kwa mikono miwili, akabaki amesimama mlangoni hajui aende wapi. Mama Mwiko akamwambia avute kiti kile cha koridoni akae, chakula kitakuwa tayari sasa hivi, na amweleze vizuri ile habari ya mpwa wake aliyekuwa anataka kuolewa, maana siku zote alikuwa akiisikiliza nusunusu. Kisha akachukua kitunguu, akakata. Alikata vyembamba, kwa haraka, kiuno kimeegemea kabati, na nyonga ikimuuma kwa namna aliyoweza kuivumilia.

Fundi alikuwa bado amesimama katikati ya jiko. Hakuwa anamtazama mkewe. Alikuwa anatazama ule ukanda wa bati, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesimamishwa mbele ya watu akiwa amevaa nguo iliyochanika. Mama Mwiko alimwona kwa pembe ya jicho. Alifuta mikono, akalivuta lile debe la unga kutoka rafuni, debe zito ambalo hakupaswa kulinyanyua, akaliburura juu ya kaunta mpaka likaficha bati lote, skrubu zake zote, pamoja na ile iliyokaa upande. Akalisawazisha kidogo ili hata ukisimama mlangoni usione kitu.

"Hapo ndipo unga utakapokaa," alisema. "Nenda kaoge sasa, baba, unanizibia mwanga."